Macho Yataulizwa: Mtoto Mchanga na Dhana za Wakubwa

Ndugu mmoja aliyeingia katika Uislamu miaka michache iliyopita ameniandikia barua kutoka Tanzania, nami nimeisoma mara nyingi hapa chuoni ninapofundisha, mbali na nyumbani. Anasema mkewe amejifungua salama mtoto wa tatu, na kwamba mtoto huyu, kama wenziwe wawili waliomtangulia, ni wa kike. Jamaa walikuja kumwona mzazi. Baba yake mkubwa, mtu mzima na mwenye heshima zake, alimshika mkono akamwambia, "Pole, mwanangu. Usikate tamaa, Mungu atakupa na wewe."

Ndugu yetu anauliza: "Sheikh, nilipewa pole kwa msiba gani? Na kuna jambo jingine linalonitia haya kulitaja. Siku ya kwanza nilipomtazama mtoto wangu nilimwona mnyonge, nikamhurumia. Kisha mkunga akaniambia kwamba yeye ndiye aliyekuwa mzito kuliko watoto wote waliozaliwa usiku ule. Macho yangu yaliona nini? Na je, Mungu ataniuliza kwa hayo?"

Swali hili si dogo. Watu wengi huuliza kama ni halali kutenda hili au lile, lakini ni wachache wanaouliza kama ni halali kuona namna wanavyoona. Basi kwa msaada wa Mwenyezi Mungu nitajaribu kulijibu, kwa manufaa ya ndugu huyu na ya wote wanaotafuta njia iliyonyoka.

Jicho si kioo

Tumezoea kudhani kwamba jicho ni kama kioo, kwamba hupokea kilicho mbele yake bila kuongeza wala kupunguza. Wahenga wetu hawakudhani hivyo. Walisema, ukipenda chongo huita kengeza. Maana yake ni kwamba moyo hutangulia mbele, na jicho hufuata nyuma likikubali yale ambayo moyo umekwisha kusema. Methali hiyo ilisemwa juu ya mapenzi, lakini yafaa pia kwa dhana ya kila namna.

Wataalamu wa elimu ya nafsi wamelipima jambo hili kwa watoto wachanga. Mwaka 1974 huko Marekani, watafiti watatu, Rubin, Provenzano na Luria, waliwauliza wazazi wa watoto 30, wote wakiwa ni wazazi wa mara ya kwanza, wawaeleze watoto wao kabla hawajatimiza saa 24 tangu kuzaliwa. Watoto 15 walikuwa wa kiume na 15 wa kike. Hospitali ilikuwa imewapima, na kwa urefu na uzito wao hapakuwa na tofauti ya maana baina ya makundi hayo mawili. Lakini wazazi wa mabinti walisema kwamba watoto wao ni wadogo, laini, wenye sura nyororo. Na wazazi wa wavulana walisema kwamba wao ni wenye nguvu na viungo vilivyokaza. Akina baba walizidi akina mama katika kutia chumvi, hali wao walikuwa wamewaona watoto tu bila kuwashika mikononi. Mwenye kujua kidogo zaidi ndiye aliyesema zaidi.

Mwaka 1976 John Condry na Sandra Condry, wa Chuo Kikuu cha Cornell, walitoa jaribio lililo wazi zaidi. Waliwaonyesha watu 204 filamu moja ya mtoto mmoja wa miezi tisa. Mtoto alipewa vitu vya kuchezea, na kimojawapo kilikuwa kisanduku ambacho kikifunguka huchomoza kisanamu kwa ghafla. Kisanduku kilipofunguka mara kwa mara mtoto alifadhaika, akalia. Nusu ya watazamaji waliambiwa kwamba mtoto huyo ni wa kiume, na nusu kwamba ni wa kike. Walioambiwa ni mvulana walielekea kusema kwamba amekasirika. Walioambiwa ni msichana walielekea kusema kwamba ameogopa. Machozi yalikuwa yale yale, na uso ulikuwa ule ule. Neno moja tu lililosemwa kabla ya filamu ndilo lililogeuza hasira kuwa woga.

Tazama, ndugu msomaji, jinsi jambo hili linavyoingia ndani ya malezi. Mtoto anayedhaniwa kuwa amekasirika huachwa apambane na kile kilichomkasirisha. Anayedhaniwa kuwa ameogopa hubebwa, akaondolewa. Huyu wa kwanza hufundishwa kwamba duniani kuna vitu vya kushindana navyo, na wa pili kwamba duniani kuna vitu vya kukimbia. Miaka ikipita tunasema, "Mwaonaje? Wanawake ni waoga kwa maumbile yao." Tumepanda wenyewe, kisha tunastaajabia mavuno.

Haya hayaishii katika maneno. Mwaka 2000 watafiti Mondschein, Adolph na Tamis-LeMonda walitengeneza njia ya mteremko inayoweza kuinuliwa na kushushwa. Wakawaomba akina mama wa watoto wa miezi 11 waonyeshe ni mteremko mkali kiasi gani ambao watoto wao wangeweza kuushuka kwa kutambaa. Mama za wavulana walikadiria zaidi ya uwezo wa watoto wao, na mama za wasichana walikadiria chini ya uwezo huo. Watoto walipojaribiwa wenyewe, wavulana na wasichana walikuwa sawa. Mama hawa hawakuwa wageni kwa watoto hao. Waliwanyonyesha, waliwaogesha, waliwatazama wakitambaa kila siku. Na bado dhana ilikaa baina ya jicho la mama na mtoto wake.

Uadilifu watudai tuseme na upande wa pili. Mwaka 1989 Stern na Karraker walikusanya majaribio mengi ya namna hii wakayalinganisha, wakaona kwamba matokeo hayafanani kila mahali. Mara nyingine jina la mvulana au msichana halikubadili hukumu ya watu wazima. Kwa hiyo hatusemi kwamba kila mtu hudanganyika kila wakati. Twasema kwamba mtu aweza kudanganyika bila kujijua, na hilo latosha kuwa onyo.

Kosa langu mwenyewe

Nisije nikaonekana ninawahukumu wengine, nitaeleza yaliyonipata. Mmoja wa wanafunzi wetu aliye na mkewe hapa chuoni alipata mtoto, nami nikaenda kuwapongeza. Nilipewa mtoto nimbebe, amefungwa katika shali nyeupe. Aliukamata udongo mdogo wa kidole changu kwa nguvu, nikasema kwa sauti, "Mashallah, huyu ni simba! Huyu atahubiri mpaka milima isikie." Mama yake akatabasamu akasema, "Sheikh, ni binti." Nami papo hapo, bila kufikiri, nikasema, "Alhamdulillahi, basi atakuwa mpole na faraja ya mama yake."

Nilipokuwa njiani kurudi nyumbani nilisimama. Kidole changu kilikuwa bado kinahisi nguvu za mkono ule. Mkono haukubadilika baina ya sentensi yangu ya kwanza na ya pili. Ni nani basi aliyemnyang'anya mtoto yule milima yake? Ni mimi, mwalimu wa dini, niliyekwenda kumwombea baraka.

Lugha yetu ya Kiswahili haikunilazimisha kufanya hivyo. Waingereza wakimtaja mtu hulazimika kuchagua kati ya neno la mwanamume na neno la mwanamke; sisi twasema "yeye" kwa wote, na "mtoto analia" bila kuonyesha ni yupi. Lakini kabla hatujauliza kama mama yu mzima, mara nyingi swali letu la kwanza ni, "Mtoto gani?" Kumbe lugha ikituachia mlango wazi, desturi huja ikaufunga.

Neno la Kurani Tukufu

Kurani Tukufu haikungoja wataalamu wa karne hii ili kuitazama sura ya baba anayepewa habari ya binti. Katika Sura An-Nahl, aya ya 59 na 60, inaeleza jinsi uso wa Mwarabu wa zama za ujahili ulivyokuwa ukisawijika kwa habari hiyo, naye akijificha na watu, akishauriana na nafsi yake kama amweke kwa fedheha au amfukie udongoni. Kisha inailaumu hukumu yao. Na katika Sura At-Takwir, aya ya 9 na 10, inataja siku ambayo yule binti aliyezikwa hai ataulizwa aliuawa kwa kosa gani. Hapa patazamwe vizuri. Kabla ya mkono kushika udongo, uso ulikuwa umekwisha kusawijika. Kaburi lilianza kuchimbwa katika macho ya baba.

Wala asidhani mtu kwamba hayo yamepita pamoja na jangwa la Arabuni. Mwaka 1990 mwanachuoni wa uchumi Amartya Sen aliandika kwamba wanawake zaidi ya milioni 100 wamekosekana duniani, yaani wangalikuwa hai lau wangalitunzwa sawa na wanaume. Kwa kawaida ya maumbile huzaliwa wavulana wapatao 105 kwa kila wasichana 100. Hesabu ya watu ya China ya mwaka 2010 ilionyesha karibu wavulana 118 kwa wasichana 100. India ililazimika kutunga sheria mwaka 1994 ya kukataza kupima mimba kwa ajili ya kujua kama mtoto ni wa kike, kwa kuwa wengi waliokwisha kujua waliitoa. Mashine inayoona ndani ya tumbo la mama ni neema ya elimu. Lakini jicho lililosawijika likipewa mashine, huona mbali zaidi kwa ubaya ule ule.

Tena Kurani Tukufu yatupa kisa cha kufariji. Mke wa Imran aliweka nadhiri ya kumtoa mtoto aliye tumboni mwake amtumikie Mungu. Alitazamia mvulana, maana utumishi wa hekaluni ulihesabiwa kuwa kazi ya wanaume. Alipojifungua alimwambia Mola wake, kama mwenye kuona udhuru, kwamba amezaa mwanamke. Aya ya 37 ya Sura Aali Imran inaongeza papo hapo kwamba Mwenyezi Mungu alijua zaidi alichokizaa. Naye alikuwa Bibi Mariamu. Wafasiri wengine wameeleza kwamba yule mwanamume aliyetazamiwa hakuwa kama mwanamke huyu aliyetolewa. Kile alichopewa kilizidi kile alichokiomba. Mama alimjua mtoto wake kwa jina la jinsia yake, na Mungu alimjua kwa vile alivyokuwa. Katika umbali baina ya elimu hizo mbili ndimo wanamokulia binti zetu wengi.

Je, kuona ni dhambi?

Sasa tufikie swali lenyewe. Mtu aweza kusema: "Sikuchagua kumwona binti yangu mnyonge. Nilimwona tu. Mungu hamkalifishi mtu asiloliweza. Basi nina kosa gani?"

Jawabu ni kwamba pana hatua tatu, wala hazina hukumu moja. Ya kwanza ni wazo linalopita bila kualikwa. Hilo halina adhabu, kwani Mtume Mtukufu s.a.w. amefundisha kwamba umati wake umesamehewa yale yanayopita moyoni maadamu hawajayatamka wala kuyatenda. Ya pili ni kulikaribisha wazo hilo na kulikalisha kitako, mpaka likawa hukumu. Ya tatu ni kumtendea mtu kwa hukumu hiyo.

Nitatoa mfano. Kijana amerithi duka la marehemu baba yake, pamoja na mizani ya zamani. Mizani hiyo ina kasoro. Kila kilo inapunja kidogo. Kijana hajui, naye huuza sukari na mchele kwa roho safi. Je, ni mwizi? La, hajawa mwizi. Siku moja mteja anakuja na jiwe la kilo lililo sahihi, wanapima, kasoro inaonekana. Tangu saa hiyo, kila kilo atakayopima kwa mizani ile bila kuitengeneza ni wizi, ingawa mizani ni ile ile na mkono ni ule ule. Hawezi kujitetea akisema, "Nimeirithi kwa baba."

Macho yetu ndiyo mizani tuliyorithi. Hatukuyatengeneza sisi, tulipewa na mababu, na majirani, na mizaha ya barazani. Lakini habari imekwisha kutufikia kwamba yanapunja. Kwa sababu hii Sura Bani Israil, aya ya 37, inatukataza kulifuata tusilo na elimu nalo, na inatuambia kwamba sikio, na jicho, na moyo, vyote hivyo vitaulizwa. Ingelikuwa jicho ni kioo tu, lingeulizwa nini? Kioo hakihukumiwi. Jicho linaulizwa kwa kuwa lina sehemu yake katika tendo. Na Sura Al-Hujurat inatuamrisha kujiepusha na dhana nyingi, kwa kuwa baadhi ya dhana ni dhambi. Nani ana haki zaidi ya kuepushwa na dhana kuliko mtoto mchanga, asiyeweza hata kusema neno moja la kujitetea?

Majibu kwa wenye shaka

Wako watakaosema: "Je, unataka kutuambia kwamba mwanamume na mwanamke ni kitu kimoja?" Hapana. Tofauti zilizoumbwa na Mwenyezi Mungu zipo, na mwenye kuzikana anapingana na macho pia. Wavulana wakizaliwa huwa wazito kidogo zaidi kwa wastani. Lakini maumbile yenyewe yanaivunja dhana yetu, maana watoto wa kiume ndio wanaokufa zaidi katika mwaka wa kwanza wa maisha. Yule tuliyemwita simba ndiye aliye dhaifu zaidi mbele ya maradhi, na yule tuliyempa pole ndiye aliyeumbwa na ustahimilivu. Kwa hiyo tuiache tofauti ya Mungu ijieleze yenyewe kwa wakati wake, tusiitangulie kwa tofauti tulizozibuni sisi.

Wengine, hasa walioingia Uislamu karibuni, huuliza juu ya akika: "Mbona mvulana huchinjiwa mbuzi wawili, na msichana mmoja? Je, si kusema kwamba yeye ni nusu?" Swali hili lisifichwe. Mafundisho ya wawili kwa mmoja yamo katika hadithi, nasi twayafuata. Lakini akika ni sadaka ya shukrani, siyo bei ya mtoto, wala katika hadithi hizo halimo neno lisemalo kwamba hesabu ya wanyama ni kipimo cha roho. Tena imepokewa kwa Abu Daud kwamba Mtume s.a.w. aliwachinjia wajukuu wake Hasan na Husein kondoo mmoja mmoja, na Imamu Malik alikuwa na rai ya mnyama mmoja kwa kila mtoto, wa kiume au wa kike. Lau hesabu hiyo ingalikuwa thamani ya nafsi, isingalikubali hitilafu kama hiyo.

Mwenye kutaka kujua thamani ya binti machoni mwa Mtume s.a.w. na atazame matendo yake. Alisali mbele ya watu akiwa amembeba Umama, mtoto mdogo wa binti yake Zainabu. Akisujudu humweka chini, na akisimama humbeba tena. Hakumficha nyumbani. Na sahaba mmoja alipotaka kumpa mwanawe mmoja zawadi, akamwomba Mtume s.a.w. awe shahidi, aliulizwa kama amewapa watoto wake wote mfano wa hiyo. Aliposema hakufanya hivyo, Mtume s.a.w. alikataa kuushuhudia udhalimu. Ikiwa zawadi isiyo sawa ni udhalimu, itakuwaje matumaini yasiyo sawa? Zawadi huchakaa, lakini tunayoyatumaini kwa mtoto huyavaa maisha yake yote.

Neno kwa ndugu yetu

Ndugu yangu mpendwa, uliyeniandikia barua: hukupewa pole kwa msiba wowote. Katika Sura Ash-Shura, Mwenyezi Mungu anapotaja kwamba humpa amtakaye mabinti na humpa amtakaye wavulana, amewataja mabinti kwanza. Baba yako mkubwa mheshimu, wala usimvunjie adabu mbele za watu. Lakini akirudi tena, mwekee binti yako mikononi, umwambie kwa upole, "Baba, mwombee baraka kama ulivyoniombea mimi nilipozaliwa." Huenda mikono yake ikamfundisha yale ambayo masikio yake hayakupokea.

Na macho yako? Kwa lile la siku ya kwanza, omba msamaha, wala usikate tamaa. Mkunga amekuletea jiwe sahihi la kilo. Sasa mizani unaijua. Akilia, kabla hujasema ameogopa, tazama tena. Huenda amekasirika, au ana njaa, au anataka kile ulichokiondoa. Akitaka kupanda, kaa karibu, mwache apande. Na Mungu akikupa mvulana baada yake, usimwambie kwamba mwanamume halii. Naye pia usimnyang'anye machozi yake, maana Mtume s.a.w. mwenyewe alilia alipofiwa na mwanawe Ibrahimu.

Siku ile mtoto alipozaliwa uliingia chumbani ukamsomea azana katika sikio lake la kulia, na ikama katika la kushoto. Maneno uliyomsomea ndiyo yale yale ambayo angalisomewa mvulana, bila kuongezwa herufi wala kupunguzwa. Ukubwa wa Mungu alioambiwa ni ule ule, na wito wa kuelekea mafanikio ni ule ule. Hilo ndilo neno la kwanza la Uislamu kwa kila mtoto. Jitahidi, ndugu yangu, ili maneno ya pili na ya tatu, na yote atakayoyasikia kwako mpaka akue, yasije yakalikanusha lile la kwanza.

Mwenyezi Mungu atutakasie macho yetu kabla hayajaulizwa, na atujalie kuwaona watoto wetu kama alivyowaumba Yeye. Amin.